Ukienda Mwanza, angalia kwanza kalenda ya Kanisa

Mwanza wengi tunaijua kwa sangara, pamba na reli iliyofika ziwani mwaka 1928. Lakini usiishie kupiga picha Jiwe la Bismarck. Panda daladala za Kisesa, kisha bodaboda hadi Makumbusho ya Wasukuma, Bujora. Banda la ngoma za watemi lina umbo la kiti cha enzi; omba uingie ndani.

Kabla ya kukata tiketi, tazama sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo inaangukia lini, mara nyingi ni Juni. Hapo ndipo huchezwa Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma: Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji ngoma yanayoshindana, wanacheza kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo hama upande unavyotaka, hakuna atakayenuna. Ila jua ni kali, kofia muhimu.