Kabla ya kulipia kuzamia, omba kuonyeshwa oksijeni
Kabla ya kulipia safari ya kuzamia kwa mtungi kwenye miamba ya Mnemba, kisiwa kidogo karibu na Unguja, omba uonyeshwe oksijeni ya huduma ya kwanza ndani ya boti, si ofisini, na kiongozi aifungue mbele yako mpaka mshale wa geji ya shinikizo la gesi upande. Oksijeni hiyo ndiyo anayopewa kwanza mzamiaji aliyepanda juu haraka mno, viputo vya naitrojeni vikajitengeneza mwilini, na kwa kuwa huhitajika kwa nadra, ndiyo ambayo kampuni zembe husahau kuijaza. Anayeanza kutafuta ufunguo wa valvu amekwisha kukujibu. Kipimo hiki, hata hivyo, hakimfichui kiongozi anayewaingiza wageni wapya kwenye mkondo mkali. Kwa hilo, uliza atachukua wazamiaji wangapi kwa mkupuo: wakiwa wengi, hawezi kumwangalia kila mmoja.