Kutia sinthi kwenye laptopu, na vipi uipate rast ndani yake

Vijana wengi wanaoanza kutengeneza muziki nyumbani hapa Unguja na Pemba wakiuliza sinthi (programu ya kutengeneza sauti za ala) gani nzuri wanaambiwa Serum, ambayo ni ya kulipia, basi wanakwenda kutafuta ilokrekiwa, yaani ya wizi, na mwisho wake ni virusi kwenye laptopu. Hapana haja hiyo jamani, ziko za bure na za halali kabisa. Mie nasema anza na Surge XT, na sababu yangu kubwa si bei, ni kuwa unaweza kuibadilisha tyuni ukapata hata rast, moja ya maqamu (ngazi za sauti za Kiarabu) za taarabu, na kwa mtu anotaka ladha ya taarabu ndani ya zenji fleva, muziki wa kizazi kipya wa Zanzibar, hilo ni jambo la lazima.

Kwanza upate programu ya kurekodia. Reaper unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, mwenye Mac anayo GarageBand bila ya kulipa. FL Studio ya majaribio ni nzuri ila ujue ukiseivu kazi huifungui tena mpaka ununue. Alafu shusha Surge XT kwenye tovuti yao wenyewe, bando halitokwisha kwa sababu sinthi haibebi marekodi, inahesabu sauti papo hapo unapobonyeza. Sinthi kama hii ni plagini, yaani inafunguliwa ndani ya programu ya kurekodia. Kwenye Windows plagini inakaa Program Files, ndani yake Common Files, ndani yake VST3, ikiwa Reaper haiioni nenda kwenye mipangilio ya plagini uiambie iskani foda hilo.

Ukibonyeza kinanda na sauti ikachelewa, usiilaumu sinthi, hiyo ni draiva, programu inayounganisha kompyuta na sehemu ya sauti. Kwenye Windows tia ASIO4ALL, ni draiva ya bure, kisha bafa (sampuli za sauti zinazokusanywa kabla ya kutolewa) weka 256. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde hiyo ni kama milisekunde 6, mkono hausikii tofauti. Ikianza kukwaruza panda 512, kama milisekunde 12. Wakati wa kumiksi hata 1024 sawa tu, kwani hapo hupigi kitu. Na tumia hedifoni za waya, za Bluetooth zinachelewesha sana.

Sasa maqamu. Kinanda cha kawaida kina hatua 12 zilolingana, senti (kipimo cha umbali baina ya noti) 100 kila moja, lakini mi ya rast haimo humo, inakaa baina ya mi bemoli (kitufe cheusi kabla ya mi) na mi, na noti ya si nayo inakaa hivyo hivyo, baina ya si bemoli na si. Ndio maana ukipiga rast kwa sauti ilokuja na kompyuta, mtu alokulia na udi na ganuni anasikia kitu kimekwenda kombo hata kama hawezi kukwambia nini. Muziki huu uko hapa zamani, kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kimeundwa 1905, masikio ya watu yameshazoea, huwezi kuyadanganya.

Dawa yake ni faili dogo la maandishi. Fungua Notepad, mstari wa kwanza andika jina, Rast ya do, wa pili andika 12, alafu kila mstari namba moja: 100.0, 200.0, 300.0, 350.0, 500.0, 600.0, 700.0, 800.0, 900.0, 1000.0, 1050.0, na wa mwisho 2/1, yaani do ya juu. Ile nukta usiisahau, ndiyo inayoonyesha kuwa namba ni senti. Seivu kwa jina rast.scl, chagua aina zote za mafaili isije ikawa txt, kisha liburute ulidondoshe juu ya Surge. Basi. Hiyo 350 ni pa kuanzia tu, wapigaji wenyewe hawakai hapo hasa, kwa hivyo sikiliza rekodi unayoipenda upandishe au ushushe senti chache mpaka sikio liridhike. Mwimbaji akitaka kuanzia re badala ya do utahitaji na faili la pili, la kbm, linaloiambia sinthi ngazi ianzie wapi.

Kwa sauti yenyewe, kwenye osileta (sehemu inayozalisha sauti) chagua String, inaiga uzi unaochomolewa. Ndani zimo nyuzi mbili, zitofautishe tyuni kidogo sana, maana ganuni kila noti ina nyuzi tatu na ule mtetemo wake unatoka hapo. Filta, inayopunguza ukali wa sauti, ifunge kidogo, riverbu (mwangwi) usizidishe.

Ukishaizoea ongeza Vital kwa besi na sauti nzito za kisasa, toleo la bure linatosha ila linachosha prosesa kuliko Surge. Dexed nayo inaiga kinanda cha sinthi cha Yamaha DX7 cha 1983, kengele na piano za umeme za miaka ile zimo. Zote mbili zinapokea faili lako la rast, tena hakikisha umelitia kwa kila moja, kwani moja ikibaki na tyuni ya kawaida zinagombana na hutojua tatizo liko wapi. Na sauti ukishairidhia igeuze traki iwe odio, yaani rekodi ya sauti, mapema, prosesa inapumua, na ukimpelekea mwenzako Chake Chake wav, ataisikia kama ulivyoisikia wewe hata kama hana sinthi yoyote.