Somo: Namna ya kujua msingi unaifanya nini semikondakta yako ya tabaka moja

Wakuu, tabaka moja la MoS₂ (molibdeni disalfaidi, semikondakta) lina unene wa takriban nanomita 0.65. Halina "ndani", kila elektroni inayopita humo inakisikia kilicholala chini. Kwa hiyo kabla ya kulaumu fuwele, chunguza msingi, yaani kitu ambacho tabaka limelazwa juu yake.

Hatua ya 1: Tumia fuwele ileile. Weka kipande kimoja juu ya oksidi ya silikoni, kingine juu ya hBN, yaani boroni naitraidi ya heksagoni. Fuwele zikiwa tofauti, unalinganisha nini?

Hatua ya 2: Pima Raman (mulika leza, usome mitetemo ya atomi kwenye mwanga unaotawanyika), na hapa usiwe na haraka. Kuna vilele viwili, karibu cm⁻¹ 385 na 404. Cha 385 kikishuka, shuku kwanza kwamba tabaka limevutwa. Cha 404 kikishuka huku kikitanuka, yaelekea elektroni zimeongezeka, mara nyingi kutoka kwenye msingi. Vikihama vyote, chora grafu ya kimoja dhidi ya kingine. Mvutano na chaji vina miinamo tofauti.

Hatua ya 3: Mulika leza, upime mwanga unaotoka. Juu ya oksidi kilele huwa kipana. Tabaka likifungiwa katikati ya hBN mbili, kilele huwa chembamba. Juu ya dhahabu mwanga hufifia mno, maana chaji hukimbilia kwenye metali.

Hatua ya 4: Tengeneza transista, pandisha volteji ya geti (elektrodi inayodhibiti mkondo), kisha ishushe. Mkondo ukirudi kwa njia nyingine, kuna chaji zinazonaswa.

MASWALI

– Nimehamishia kwenye hBN, nimepata vipovu. Nianze upya?
Hapana. Pasha joto kwenye ombwe, halafu pimia sehemu bapa.

– Kwa nini tusitumie oksidi ya hafniamu, inayozima chaji chafu vizuri zaidi?
Inazizima kweli, ila mitetemo ya oksidi yenyewe huzitawanya elektroni katika joto la kawaida. Unatibu hiki, unaumwa kile.

– Nimebadilisha msingi, kilele cha mwanga hakijasogea. Pengo la nishati (nishati inayohitajika kuifungua elektroni ipitishe umeme) liko palepale?
Swali zuri, mkuu. Pengo limebadilika, kilele kinakuficha. Msingi wenye dielektriki kubwa (unaopunguza sana nguvu kati ya chaji) hupunguza pengo, lakini hulegeza pia kifungo cha elektroni na shimo (nafasi iliyoachwa na elektroni) ndani ya eksitoni, yaani jozi ya viwili hivyo. Nishati ya kilele ni pengo ukitoa kifungo hicho. Vyote viwili vikishuka kwa kiasi kinachokaribiana, tofauti yao haisogei sana. Ukitaka pengo lenyewe, pima kwa STM, darubini ya ncha kali inayosoma mkondo wa elektroni zinazoruka kati ya ncha na tabaka.