Likizo ya Pasaka Berlin: Wapeleke Watoto Wakamwone Mzee wa Lindi

Iwe nyumbani kwenu mnasherehekea Pasaka au hamsherehekei, shule za Berlin zinafunga wiki mbili hivi na watoto wanabaki mikononi mwenu. Nauli za ndege za kwenda Dar au Nairobi msimu huo hazishikiki, na nje baridi bado haijaisha vizuri. Wengi huishia kwenye viwanja vya trampolini vya ndani, ambako saa mbili tu zinamaliza pochi. Mimi nashauri siku mbili tofauti: moja ya makumbusho, moja ya bustani. Msizibane zote katika siku moja, hasa mkiwa na mtoto wa kusukumwa kwenye kigari.

Makumbusho ninayoisema ni Museum für Naturkunde, ya historia ya viumbe na asili, mtaa wa Invalidenstraße. Pandeni treni ya chini ya ardhi U6, mshuke kituo cha Naturkundemuseum, kutoka hapo ni mwendo mfupi wa miguu. Mkiingia ukumbi mkubwa mnakutana naye uso kwa uso, au tuseme uso kwa goti: Giraffatitan, mita 13.27 kutoka sakafuni hadi kichwani, mifupa ya dinosaria mirefu kuliko yote iliyosimamishwa katika makumbusho duniani. Na huyu ni wa kwetu. Alichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, baada ya kulala ardhini miaka kama milioni 150.

Mwoneshe mtoto miguu. Ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo mgongo umeshuka kuelekea mkiani kama wa twiga. Halafu mwache alifuatilie shingo kwa macho mpaka juu. Hapo hata wale wakubwa waliokuja wamenuna wanatoa simu.

Hadithi yenyewe msimulie kabla hamjafika, tena kwa Kiswahili. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliona mfupa mkubwa umechomoza ardhini huko Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 wataalamu wa Berlin wakaendesha uchimbaji, lakini jembe na mzigo vilikuwa vya wenyeji: mamia ya vibarua, na wapagazi waliotembea siku kadhaa wakiwa wamejitwika mifupa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani, fundi hodari wa kutambua na kusafisha mifupa, na mwaka 2007 dinosaria mwingine wa Tendaguru alipewa jina kwa heshima yake: Australodocus bohetii. Usiache kulitaja jina hilo. Watoto wetu wanasikia majina ya maprofesa tu.

Mtoto wa miaka 6 hayo yanamtosha. Wa miaka 14 mwongezee kwamba yote yalitokea muda mfupi baada ya Vita vya Majimaji, kusini ikiwa imeumizwa na njaa, kisha muulize: mifupa irudi au ibaki? Nyumbani Tanzania suala hilo limeshafika hadi bungeni. Acha abishane nawe kwenye treni ya kurudi.

Kwa wadogo kuna mchezo usio na gharama: watafute kwenye vibao neno Tendaguru, atakayeliona mara nyingi ashinde. Wataliona kwa Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, kwa Dicraeosaurus na kwa wengine ukumbini humo. Baadaye pitieni chumba cha vioo chenye maelfu kwa maelfu ya chupa za samaki na nyoka waliohifadhiwa kwenye spiriti. Kuna watoto watakaoganda hapo nusu saa, na kuna watakaokushika koti wakitaka kutoka. Kiingilio nunueni mtandaoni, mwende asubuhi. Jumatatu huwa pamefungwa, ila sikukuu ratiba hubadilika, kwa hiyo chungulieni tovuti yao.

Siku ya bustani inaweza kuwa hata ya mvua. Bustani yenyewe, Botanischer Garten, ina kituo chake cha treni ya S1, na ndani yake kuna nyumba kubwa ya vioo ya mimea ya joto iliyojengwa kati ya 1905 na 1907. Ukifungua mlango miwani inaingia ukungu na koti linakuwa adhabu. Lile joto la Tanga saa nane mchana. Mtoto aliyezaliwa Berlin akiona mgomba umesimama hai, siyo ndizi ya dukani yenye kibandiko, maswali hayaishi. Nje napo Aprili maua yanaanza, na eneo ni hekta 43, kwa hiyo chagueni upande mmoja. Mkitoka, mnunulie mtoto chungu kidogo kimoja cha Usambaraveilchen, ua dogo la zambarau linalouzwa karibu kila duka la maua hapa. Asili yake ni milima ya Usambara, na mbegu zililetwa Ujerumani miaka ya 1890. Atalimwagilia mwenyewe dirishani.

Kuhusu pesa: wa chini ya miaka 6 kote kuwili hawalipi. Kama mnapokea msaada wa Jobcenter (ofisi ya ajira) au Wohngeld (ruzuku ya kodi ya nyumba), bebeni karatasi ya uthibitisho muulizie punguzo mlangoni. Na ule ujumbe unaozunguka WhatsApp kuhusu Jumapili za bure kwenye makumbusho za Berlin umepitwa; mpango huo ulifutwa mwishoni mwa 2024. Makumbusho za serikali, Staatliche Museen, ndizo zisizotoza walio chini ya miaka 18, lakini moja yao, makumbusho ya Pergamon, msiifuate kwa sasa, iko kwenye ukarabati mkubwa.

Chakula bebeni, na mnunue mapema: Ijumaa Kuu, Jumapili na Jumatatu ya Pasaka maduka karibu yote hufungwa. Chapati za kukunja na chupa ya chai hazijawahi kumwangusha mtu.