Kabla Hujaenda Büsingen, Kijiji cha Ujerumani Kilichomo Ndani ya Uswisi

Fungua ramani ya kusini mwa Ujerumani, ufuate mto Rhine mpaka ukaribie mji wa Schaffhausen. Kwenye ukingo wa kaskazini utaona kipande kidogo kimezungushiwa mstari wake chenyewe, kama kiraka kwenye kanzu. Hicho ndicho Büsingen am Hochrhein: kilomita za mraba 7.62, wakazi kama 1,500, wilaya ya Konstanz, jimbo la Baden-Württemberg. Ni Ujerumani halali, ila utokee upande wowote utakanyaga Uswisi. Mahali palipo karibu zaidi, kijiji kimetenganishwa na Ujerumani nyingine kwa mita kama 700 tu, nazo ni ardhi ya Waswisi wa Dörflingen. Kwa hiyo hata kama unakwenda kunywa kahawa na kurudi, jiandae kama msafiri wa nchi mbili.

Anza na pasipoti. Uswisi iliingia Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, mwaka 2008, kwa hiyo mwenye viza ya Schengen, au kibali cha kuishi Ujerumani, hahitaji viza nyingine. Lakini usidanganyike ukaiacha nyumbani. Tangu Oktoba 2023 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mpaka wake na Uswisi, na sisi wenye pasipoti za Afrika Mashariki twajua nani huulizwa kwanza kwenye treni. Ibebe yenyewe, si picha yake kwenye simu.

Njia rahisi ni treni ya Singen hadi Schaffhausen, kisha basi la Waswisi, ambalo tiketi yake uihakikishe kabla ya kupanda. Mwenye gari apite barabara za kawaida. Akiingia barabara kuu za Uswisi, zile za mwendo kasi, atatakiwa kuwa na stika ya mwaka ya faranga 40, hata kama ni kwa dakika kumi.

Simu ndiyo huwatoa watu jasho. Bando la Ujerumani linalofanya kazi Umoja wa Ulaya nzima mara nyingi halihesabu Uswisi, na minara ya Uswisi iko pande zote. Zima data za nje kabla hujafika, pakua ramani mapema. Kuhusu saa usihangaike, siku hizi ni ileile pande zote. Lakini mwaka 1980 Ujerumani Magharibi iliposogeza saa wakati wa kiangazi na Uswisi ikakataa, Büsingen ilibaki na saa za Uswisi. Ndiyo sababu kompyuta hadi leo zina majira ya saa yanayoitwa Europe/Busingen, heshima ambayo miji mikubwa mingi haijaipata.

Sasa historia, ambayo naiweka kwenye orodha ya maandalizi kwa makusudi, maana bila hiyo utazunguka kijijini ukidhani ni kijiji tu. Mwishoni mwa karne ya 17 eneo hili lilikuwa chini ya Austria, na bwana wa kijiji alikuwa Eberhard Im Thurn. Mwaka 1693, katika ugomvi wa kifamilia uliochanganyika na dini, jamaa zake wenyewe walimteka na kumkabidhi kwa Schaffhausen, mji wa Waprotestanti, akituhumiwa kuegemea Ukatoliki. Akahukumiwa kifungo cha maisha. Wahenga walisema ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Wakubwa wa Schaffhausen hawakushika jembe, walishika ufunguo wa gereza. Austria ikatia shinikizo mpaka mtu wake akaachiwa mwaka 1699, na kinyongo kikabaki. Mwaka 1723 ilipoiuzia Schaffhausen haki zake katika vijiji jirani, Austria iliibakiza Büsingen mikononi mwake, iwe mwiba wa milele kwa mji ule. Mwaka 1770 vijiji vya Ramsen na Dörflingen vikauzwa kwa Zürich, mji mwingine wa Waswisi, na hapo ndipo njia ya kwenda Ujerumani ilipozibwa. Kijiji kikapita mikononi mwa dola mbili za Kijerumani, Württemberg mwaka 1805, kisha Baden mwaka 1810.

Wanakijiji wenyewe waliulizwa mwaka 1918, na asilimia 96 wakapiga kura ya kujiunga na Uswisi. Haikuwezekana, kwa kuwa Uswisi haikuwa na ardhi ya kutoa badala yake iliyokubalika. Mkataba ulisainiwa Novemba 1964 na kuanza kazi Oktoba 1967: Büsingen ikabaki Ujerumani kisiasa, lakini kwa forodha ikahesabiwa Uswisi. Kiraka kingine kidogo, Verenahof, chenye nyumba tatu, kilipewa Uswisi kabisa.

Mkataba huo unagusa mfuko wako. Beba faranga. Euro ni pesa halali, ila bei za kijijini zimezoea faranga. Ukipeleka zawadi kutoka Ujerumani, fahamu kwamba umevuka forodha: tangu 2025 bidhaa zinazozidi faranga 150 kwa mtu hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya Uswisi, na nyama ni kilo moja tu kwa kichwa. Mwenye mpango wa kuchoma mbuzi kando ya Rhine na marafiki ahesabu vichwa kwanza.

Ukifika, tazama namba za magari. Zinaanza na BÜS, herufi zilizotengwa kwa kijiji hiki peke yake, na ni miongoni mwa namba adimu kabisa Ujerumani. Barua nazo zina anwani mbili, D-78266 ya Ujerumani na CH-8238 ya Uswisi, na zote hufika. Polisi wa Ujerumani wanaokwenda huko hupita njia zilizopangwa, na wakiwa ardhi ya Uswisi hawaruhusiwi kufanya kazi yao yoyote. Timu ya mpira ya kijiji hucheza ligi ya Uswisi.

Vaa viatu vya kutembea, maana kanisa la kale la Mtakatifu Mikaeli liko juu kilimani. Ukishuka kuna mkahawa kando ya mto ambao mpaka unapita katikati ya baraza yake. Unaweza kuweka kiti Ujerumani na kikombe Uswisi. Bili ni moja.