Buabua wa Lutembe, wahi kabla hawajaondoka

Jamani walioko Kampala na Entebbe, mwezi wa pili huu ukielekea kuisha, kule Ulaya baridi bado kali na wale buabua wadogo, ndege wa majini wanaokuja kuikimbia, wako bado hapa Lutembe, pembeni ya Ziwa Victoria, ila wakifika mwezi wa tatu na wa nne wanaanza kurudi kwao. Nenda jioni, kama saa kumi hivi, na la maana kuliko yote mwambie mwenye mtumbwi aende upande wa magharibi wa kundi ili jua liwe mgongoni kwako, mimi mara ya kwanza nililikabili jua nikaona vivuli vyeusi tu saa nzima na hela nishalipa! Ukikaa vizuri utaona wengine wameanza kubadilika, manyoya meusi yanatokea kifuani madoamadoa, hiyo ndo nguo yao ya safari. Injini izimwe mapema, mtumbwi usukumwe kwa pondo. Darubini ya kuazima inatosha kabisa. Simu weka kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, mvua ya huku haipigi hodi.