Spana iwe ya mwisho: maneno kwa fundi mpya wa mashine hapa Unguja

Haya, umeajiriwa. Umepewa ovaroli, funguo za chumba cha pampu na boksi la spana ambalo namba 10 na namba 13 hazimo (hazimo kokote duniani, usimlaumu aliekutangulia). Kwenye barua wameandika "matengenezo" lakini kwa hoteli zetu hizi za pwani na viwanda vidogo vya maji na barafu maana yake ni kila kinachozunguka, kinachonguruma na kinachovuja, kuanzia jenereta mpaka feni ya jikoni, na ikibidi hata kufuli la stoo. Mie ntakwambia nnavofanya mie, wee chukua linalokufaa.

Mashine ikisimama usikimbilie spana. Hili ntalirudia mpaka uchoke. Kijana anaitwa tu, keshafika na boksi, keshafungua boliti zote za kifuniko, jasho linamtoka, kumbe kuna mtu kazima swichi ya ukutani ili achaji simu. Anza na vya bure kwanza. Umeme upo? Upo kwenye soketi tu au unafika mpaka kwenye mota? Breka imeanguka? Dizeli ipo, maji kwenye tangi yapo, valvu iko wazi? Baada ya hapo muulize aliekuwepo, lakini usimuulize "umefanya nini", maana jawabu yake unaijua, hajafanya kitu, hakuna mtu aliewahi kufanya kitu. Muulize "ilikuwa inalia vipi kabla haijasimama?" Hapo utamuona anakaa sawa, atakuigizia mlio kwa mdomo na mikono juu, na mara nyingi huo mlio wa mdomo ndo ugonjwa wenyewe.

Kisha mkono. Gusa mota kwa mgongo wa mkono, sio kiganja. Mota nzima kabisa inaweza kuwa na moto wa kukufanya uondoshe mkono haraka, kwa hio joto peke yake sio ugonjwa, ugonjwa ni joto ambalo jana halikuwepo, na la jana utalijuaje kama hukuandika? Nunua daftari la skuli la bei rahisi, andika kila mashine inavuta ampia ngapi (yani umeme kiasi gani) ikiwa nzima, jenereta imefikisha saa ngapi za kazi, beringi ilobadilishwa lini na namba yake. Watakucheka, waache wacheke. Na pua pia, vanishi ya waya ikiungua ukiinusa mara moja hutoisahau tena, hio mota inakwenda kusukwa upya waya zake za ndani wala usijisumbue kuwasha na kuzima kwa matumaini.

Sasa chumvi. Fundi aliesomea bara akija huku chumvi ndo inayomfundisha adabu. Ukiwa pwani ya mashariki, Paje, Bwejuu, Jambiani, kusi likianza kuvuma pitisha kidole juu ya kifuniko cha mota asubuhi ukilambe, utapata chumvi. Hio ndo inayokula kila kitu, na dawa yake kubwa ni maji baridi, yani maji matamu ya kawaida na mpira. Mashine za nje za kiyoyozi zioshe mara kwa mara, zima umeme, mwagia taratibu, usitumie zile mashine za kuoshea magari maana zile pezi nyembamba za nyuma zinalala na hewa haipiti tena.

Boliti za pwani zina mambo yake. Duka litakwambia "hii stenlesi, haipati kutu", sawa, lakini stenlesi ziko mbili tatu. Tazama kichwa cha boliti, ikiandikwa A2 hio ndo aina inayoitwa 304, karibu na bahari itaota madoadoa ya kutu, ikiandikwa A4 hio 316, inavumilia zaidi na bei yake inajua kwamba inavumilia. Usidanganyike na sumaku, haikutenganishii hizi mbili, zote hazishiki vizuri. Na kila boliti unayoirudisha ipake grisi kidogo kwenye nyuzi zake, stenlesi kwa stenlesi hasa, zinang'ang'aniana mpaka ukate kwa msumeno. Boliti ilokwama usiivae kwa hasira, inyunyizie mafuta ya kulainisha kutu, nenda kanywe chai, rudi, ikaze kidogo kwanza mpaka usikie imekatika kutu, ndo uifungue. Wengi wanashangaa kuikaza kitu unachotaka kukifungua, lakini ndo inavofanya kazi.

Paneli za umeme nazo, fungua (umezima, nisirudie) utafute mijusi. Usicheke, mjusi kafiri anapenda joto, anaingia kupitia tundu la waya ambalo fundi wa ujenzi kaliacha wazi, anajiegesha ndani ya kontakta, ile swichi inayojivuta yenyewe kuwasha mota, ikivuta anabanwa. Utamkuta kakauka, mkia upo nje, kiwiliwili kipo baina ya ncha za kontakta, fezi moja (moja ya nyaya tatu zinazoleta umeme) haigusi vizuri, pampu inanguruma, na wee siku nzima uko kwenye pampu unatafuta ugonjwa ambao haupo huko. Mtoe, safisha, halafu ziba lile tundu kwa silikoni au funga glendi, kile kizibo kinachobana waya pale unapoingia, ya saizi yake. Bila ya kuziba, wiki ijayo anakuja ndugu yake.

Mota inayonguruma bila kuzunguka, izime haraka kwanza. Halafu umeme ukiwa umekatwa zungusha feni ya nyuma kwa mkono. Haizunguki? Imekwama, pampu zilizokaa muda mrefu na maji ya chumvi zinashika kutu ndani. Inazunguka vizuri na ni ya fezi moja? Basi shuku kapasita, ile kopo ndogo kwenye kiboksi juu ya mota, imeandikwa maikrofaradi na volti, nunua namba ileile, volti zikizidi sawa zikipungua hapana. Kabla hujaishika imalizie chaji kwa balbu yenye nyaya mbili, kapasita inauma hata kama umeme umekata zamani. Za fezi tatu ugonjwa wake mkubwa ni fezi moja kupotea, ilosimama haitoanza, ilokuwa inazunguka itaendelea kuzunguka huku inaungua polepole. Ndo maana ovalodi, ile kinga inayokata umeme mota ikivuta kupita kiasi, ikae kwenye ampia zilizoandikwa kwenye kibati cha mota, na atakaekwambia "ipandishe kidogo isiwe inaanguka anguka" mwambie akanunue mota yeye. Ikizunguka kinyume badilisha nyaya mbili zozote kati ya tatu, basi.

Beringi nnazipenda, ntakaa hapa kidogo. Chukua bisibisi ndefu, ncha iweke kwenye nyumba ya beringi, mpini kwenye mfupa wa sikio (nywele ndefu na mikono ya shati mbali na shafti tafadhali). Nzima inatoa mlio mmoja usiokatika, mbovu inakwaruza. Ukiitoa usiitupe, futa mafuta usome namba ubavuni. 6204 ina shimo la milimita 20, nje 47, upana 14. 6205 ni 25, 52 na 15. Kuanzia 04 kwenda mbele unazidisha tarakimu mbili za mwisho kwa 5 unapata unene wa shafti, 6203 haimo kwenye hesabu hio, yake 17. Herufi za mwisho zina maana, ZZ imefunikwa kwa bati, 2RS imefunikwa kwa mpira, na kwa mchanga na chumvi yetu mie nachukua ya mpira. Wakati wa kuifunga kwenye shafti piga pete ya ndani, tafuta kipande cha bomba kinachoikaa sawasawa, ukipiga pete ya nje nguvu zote zinapita kwenye gololi na umeshaiua kabla haijazunguka. Na zile za kutia grisi zitie kiasi, grisi ikijaa beringi inachemka.

Jenereta. Vijana wa sasa hawajui kwa nini kila hoteli ina jenereta kubwa nyuma, waulize wakubwa. Umeme wetu unakuja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanzania bara, waya wa kwanza uliwekwa mwaka 1980, na 2008 umeme ulikatika kwa karibu mwezi, halafu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 kisiwa kizima kiza. Waya mkubwa wa megawati 100 umekuja 2013. Pemba wenzetu waliishi kwa majenereta ya dizeli mpaka walipoungwa na Tanga 2010. Sasa umeme ni mzuri kuliko zamani, na hapo ndo jenereta inapokufa, kwa kukaa. Iwashe kila wiki lakini ipe mzigo wa kweli, ipe viyoyozi, ipe jiko, ukiiwasha tupu au na taa mbili tatu dizeli haiungui yote, eksozi inatoa matope meusi na injini inachoka bure. Ukimaliza toa mzigo, iache ipoe dakika chache ndo uizime. Tangi liwe limejaa, tangi nusu linatoa jasho ndani na maji yanakaa chini ya dizeli, kwa hio fungua kile kikoki cha chini cha filta utoe kidogo kwenye chupa nyeupe, maji utayaona yamejitenga chini. Oili kwa jenereta nyingi hubadilishwa kila saa 250 za kazi lakini soma kitabu chake. Betri ikiota unga mweupe na kijani kwenye vichwa, toa nyaya, safisha kwa maji ya moto na soda ya kupikia, kausha, rudisha, paka vaselini.

Pampu ya maji itakufa Ramadhani, jioni, watu wote wanatia udhu na jikoni wanaosha masufuria kwa pamoja. Ikizunguka bila kutoa maji mara nyingi imeingia hewa. Jaza maji kwenye kichwa chake, tazama futi valvu (ile ya mwisho wa bomba la kuvutia, inayozuia maji yasirudi) kama inashika, halafu paka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba la kuvutia, pale povu linaponyonywa ndani ndo panapovuja. Ikigonga kama imemeza changarawe inakosa maji ya kuvuta, chujio limeziba au kisima kimeshuka. Na visima vya karibu na bahari visivutwe kwa pupa, ukivuta sana maji ya chumvi yanaingia na hayatoki kirahisi, weka taima, vuta kidogo kidogo usiku na mchana.

Kabla ya kuingiza mkono popote toa fyuzi uitie mfukoni mwako. Sio juu ya paneli, mfukoni.

Watu ndo mashine ngumu zaidi. Bi mkubwa wa jikoni atakwita:

"Fundi, friji langu linavuja."
"Linavuja au linatoa jasho, bi mkubwa?"
"Mie nnajua? Wee ndo fundi."

Usibishane. Funga mlango wa friji juu ya kipande cha karatasi, karatasi ikitoka bila kushikwa mpira wa mlango umechoka, uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ukikataa ubadilishe. Jikoni wafanyie kazi mwanzo kabla ya ofisi, wee niamini, mchuzi wa pweza uliobaki haupelekwi ofisini. Meneja akikuuliza itachukua muda gani usiseme "sasa hivi bosi", sema "nipe nusu saa niitazame kisha ntakwambia", na nusu saa ikifika umwambie kweli hata kama hujui bado.

Raha zipo, usidhani ni kutu tu. Kuna raha ya kupata boliti unayoitaka ndani ya kopo la boliti kuukuu ambalo kila mtu alisema ulitupe. Kuna ile ya kuwasha mashine ulofunga wewe, inaanza kwa kigugumizi halafu inashika mlio wake, unaosha mikono kwa sabuni ya unga na sukari kidogo ndo grisi itoke, unakwenda barazani kwa kahawa na kashata na hakuna alokupigia simu.

Mwisho spea. Usimwambie muuzaji "nataka beringi ya pampu ya buluu". Piga picha kibati cha mota, picha ya spea mbovu pembeni ya rula, andika namba zote. Anza Darajani na Mwanakwerekwe, kama hakuna mtume mtu Kariakoo spea zije na boti, na umwambie atazame na herufi za mwisho, 6205 tupu ukiletewa haina mpira wala bati. Chukua mbili, moja ufunge moja uweke, na ya kuweka usiifungue karatasi yake mpaka siku ya kuifunga, unyevu wa masika unaikuta hata ndani ya droo.